Atakayekuvua Ovaroli

Mwanangu Atupele,

Salamu tutapeana kesho mlangoni, kama nitakuja mlangoni. Jumapili nilikuambia kwamba ukienda kuishi kwa yule mwanamke usirudi tena humu ndani, na tangu siku hiyo tumekuwa tukipishana jikoni kama wapangaji wasiojuana. Wewe umefunga mabegi yako. Baba yako ameondoka kwenda zamu yake ya kuendesha basi, na kabla hajavaa viatu aliniambia, "Mama Atu, zungumza na mtoto. Treni haisubiri hasira zako."

Kuzungumza nimeshindwa, ndiyo maana naandika. Jua la Juni bado limekaa juu ya maghorofa ya mtaa wetu wa Rågsved kama mgeni asiyejua kuaga, na nakusikia upande wa pili wa ukuta ukifungua zipu na kuifunga tena. Lile neno la Jumapili bado liko mdomoni mwangu. Nataka kujua, nikimaliza kuandika, kama litabaki au nitalitema.

Sitakuambia ule vizuri, wala ulale mapema, wala usiache sufuria chafu nyumbani kwa watu. Hayo nimeyasema tangu ukiwa na meno ya utotoni. Yaliyoingia yameingia.

Unakwenda kufanya kazi mahali nilipofanya kazi mimi, kwenye kile kinu cha nyuklia kule kaskazini, ufukweni mwa bahari ya baridi. Ulikuwa mdogo, kwa hiyo unachokumbuka ni kwamba kila kiangazi mama alipotea kwa wiki kadhaa akarudi na mikono iliyokauka. Ngoja nikueleze nilikuwa napotelea wapi.

Karibu mwaka mzima kinu hakilali. Kinatoa umeme mwezi hadi mwezi, na watu wanaoingia ndani kabisa ni wachache. Lakini mara moja kwa mwaka, baridi ikiisha na watu wakiacha kuwasha hita zao, kinazimwa. Kifuniko kinafunguliwa, fueli iliyochoka inatolewa chini ya maji na mpya inawekwa, kila bomba linakaguliwa. Waswidi wanaita revision, na sisi tuliokwenda kusugua sakafu tuliita revisheni, tukaona tumeifanya yetu. Hapo mahali pale panajaa watu kama harusi ya mtu mwenye ndugu wengi. Mafundi wanatoka nchi zote, vibanda vya kulala vinapangwa kwenye nyasi, na kwenye foleni ya kantini unasikia lugha usizozijua hata kwa jina.

Mimi nilipata kazi hiyo kupitia kampuni ya usafi. Nilikuwa nimekuja Sweden kutoka Tukuyu kwa mafunzo ya mwaka mmoja, yaliyotafutwa na kanisa, nikaolewa na baba yako na mwaka mmoja ukazaa mingine. Nilikwenda revisheni ya kwanza nikiwa peke yangu, mweusi pekee na mwanamke pekee katika kikundi chetu. Mwaka uliofuata nikamleta Spesi, huyo huyo unayekwenda kuishi kwake.

Hilo ulikuwa hulijui, eh? Nina hakika hakukuambia. Mimi ndiye niliyemleta. Nilikutana naye Skärholmen, kwenye duka lile la unga wa muhogo, akibishana na muuzaji kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja, na muuzaji mwenyewe Mturuki. Nilicheka mpaka akanigeukia na kuniuliza, "Weye unacheka nini, dada? Njoo unisaidie." Tulitoka pale tukiwa marafiki. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na watoto wawili wa kiume, na mume aliyekuwa anaonekana mwezi mmoja na kutoonekana miezi mitatu. Nilimpeleka kwa Göran, msimamizi wetu, nikamwambia, "Huyu ni kama mimi. Ukimwona huyu umeniona mimi." Maneno hayo nimeyajutia kuliko yote niliyowahi kusema kwa Kiswidi.

Sasa nikueleze jambo la ovaroli, maana bila hilo huwezi kuelewa kwa nini nimeumia hivi.

Ukiingia eneo la ndani unavaa ovaroli, viatu vya ndani, glavu mbili mbili, na kipimo cha mionzi kifuani. Mwenza wako anakufunga utepe pale glavu inapokutana na mkono wa ovaroli, wewe unamfunga wake. Mnafanya kazi. Kazi yenyewe si ya ajabu, ni kupangusa, na kupangusa tena ulipopangusa. Vumbi la mle halina rangi wala harufu na hulioni, lakini mashine ya mlangoni inaliona. Shida iko wakati wa kutoka. Ukijivua mwenyewe utajigusa, na ukijigusa umelibeba. Kwa hiyo unasimama mbele ya mstari uliochorwa sakafuni, unanyosha mikono, na huruhusiwi kufanya lolote. Mwenza wako anafungua utepe, anafungua zipu, anaikunja nguo kwa nje kuelekea chini, taratibu, upande mchafu ukimezwa ndani, mpaka glavu na kila kitu kinatoka kwa pamoja. Unanyanyua mguu mmoja, anavuta, unaukanyagisha ng'ambo ya mstari. Kisha mwingine.

Kuna watu wanakuvua kama wanachuna mbuzi. Spesi alinivua kama unavyomvua mtoto aliyelala. Hakuna siku mashine ilipiga kelele juu yangu, Atu, hata siku moja katika miaka yote niliyovuliwa naye. Nilikuwa nafumba macho. Unajua mimi si mtu wa kufumba macho mbele ya watu, hata kwa daktari wa meno nabaki nayatumbua, lakini mbele yake nilifumba.

Jioni tulipika ugali kwenye jiko la umeme la kibanda, watu wa Poland wakaja kuchungulia sufuria. Yeye alisali rozari, mimi Mmoraviani nikasubiri amalize ndipo nizime taa. Tukirudi Stockholm alikuja hapa Jumamosi kukusuka nywele, na wewe ambaye kwangu ulilia kama unachinjwa, kwake ulikaa kimya ukila karanga.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nalijua hilo tangu shuleni, nikaandikia na insha. Halikunisaidia kitu.

Ile rozari ilikuwa ya mama yake. Mama huyo alifia njiani, wakati wanakimbia, na kilichobaki kwake ni hicho tu: punje za kioo za bluu zilizoshikwa na waya mwembamba. Mle ndani, karibu na bwawa la kinu, kitu kilicholegea ni marufuku. Nyundo inafungwa kamba, miwani inafungwa kamba, pete unaiacha kabatini. Wakati wa revisheni kinu kiko wazi chini ya yale maji, na kipande cha waya kikizama, maji yanakipeleka katikati ya fueli. Kitakaa pale kikisugua, mwezi hadi mwezi, mpaka kitoboe. Tulifundishwa hivyo kila mwaka kabla ya kuanza, na Spesi alikaa kiti cha pembeni yangu akitikisa kichwa.

Lakini alikuwa anaogopa mle. Alizungusha rozari kwenye mkono, chini ya ovaroli, na mimi nilijua. Nilimfungia utepe juu yake kwa mikono yangu hii. Nilisema moyoni, mtu aliyebakiwa na kitu kimoja cha mama yake, nani mwenye roho ya kumwambia akiache kabatini? Upumbavu wangu ulikuwa wa huruma, lakini upumbavu ni upumbavu.

Siku hiyo glavu yake ilichanika tukiwa karibu kabisa na ukingo wa bwawa. Nikambadilishia pale pale, haraka, badala ya kurudi nyuma kama inavyotakiwa. Tulipotoka na kufika chumba cha kubadilishia nguo, akaikunjua rozari. Waya ulikuwa umekatika. Fungu moja lilikuwa na punje tisa badala ya kumi.

"Yezu wangu," alisema. "Dada, imeanguka."

Tulitazamana. Ukutani kulikuwa na bango, nadhani bado lipo, linalosema kwamba anayetoa taarifa ya kosa lake hataadhibiwa, atashukuriwa. Nilimwonyesha kwa kidevu. "Twende kwa Göran," nikasema. "Twende wote wawili, tuseme wote wawili."

"Twende," alisema. "Bon, weye tangulia. Ninywe chai kidogo, miguu haina nguvu. Miye ninakuja nyuma yako."

Nikatangulia.

Sijui kama unaelewa maana ya kusimamisha kinu kama kile katikati ya revisheni. Göran alinisikiliza, akainua simu, na kazi yote ya kupakia fueli ikasimama. Wahandisi wakaja wakikimbia na soksi za plastiki miguuni. Wakashusha kamera majini, wakatafuta zamu nzima, chini huko ambako maji yanawaka bluu. Hawakuona kitu. Mimi nilikaa kwenye kiti nje ya ofisi, na kila mlango ukifunguliwa nilidhani ni Spesi.

Alikuja baada ya kuitwa. Göran, ambaye hakuwahi kupaza sauti maishani, alimuuliza kwa upole kama ni kweli aliingia na rozari.

Spesi hakunitazama. Alijibu kwa Kiswidi chake cha kozi ya jioni, neno moja moja, kila moja mahali pake. Alisema hapana. Alisema yeye huacha vitu vyake kabatini. Alisema labda mwenzake alikuwa na mkufu.

"Spesi!" nikamwambia kwa Kiswahili. "Mkufu naupata wapi mimi?"

"Dada, niache," alisema chinichini. "Miye nina watoto."

Na mimi nilikuwa na mbuzi? Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili, Atu, unavaa viatu vya mwaka uliopita. Lakini nilinyamaza. Si kwa sababu ya wema. Ulimi ulikauka tu. Kabati lake lilifunguliwa, rozari haikuwamo, sijui aliificha wapi. Ikaandikwa kwamba mimi ndiye niliyeingia nayo. Mimi Mmoraviani, mtoto wa mzee wa kanisa wa Tukuyu, ambaye hajui hata rozari inaanzia upande gani! Baba yako nilipomsimulia alicheka kwanza, akafikiri ni utani, halafu akaona uso wangu.

Göran alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akanishukuru kwa kusema. Alisema watu kama mimi ni wachache. Nilimwamini, nikaliamini na bango. Mwaka uliofuata simu ya kuniita revisheni haikuja, na nilipopiga mimi, binti mmoja mwenye sauti tamu aliniambia timu imejaa, labda mwaka kesho. Hawakunifukuza, la. Walinisahau kwa adabu. Kulikuwa na nafasi moja ya kudumu ya usafi wa ndani, ya mwaka mzima, ambayo Göran alikuwa amesema itakwenda kwangu au kwa Spesi. Ikaenda kwa Spesi. Akahamia kule kule na wanawe, kwenye ile nyumba yenye chumba cha juu unachokwenda kulala wewe kesho. Mimi nikaanza kupanda treni ya Märsta kwenda kusafisha vyoo vya uwanja wa ndege wa Arlanda.

Ulipouliza Mama mdogo Spesi atakuja lini kukusuka, nilikuambia jina hilo halitajwi katika nyumba hii. Ukakata nywele.

Kazi iliniuma, lakini si kama ile punje. Watu walidhani nimekasirika, na nilikuwa nimekasirika kweli, lakini zaidi nilikuwa na hofu. Kama haikuonekana majini, si kwamba haimo. Kioo na waya wake, mahali fulani chini, katikati ya fueli, na mimi ndiye niliyefunga utepe. Ndiyo maana kila mwanzo wa mwezi uliniona kwenye kompyuta. Wenye vinu wanatoa taarifa fupi ya mwezi, kila kinu kimeendaje. Niliisoma kama watu wa nyumbani wanavyosoma majina ya waliofaulu. Mwezi huu kimefanya kazi bila matatizo. Mwezi huu nguvu imepungua kidogo, valvu imebadilishwa. Nilijifunza mwendo wake wote: jinsi kinavyoanza na nguvu mpya revisheni ikiisha, jinsi kinavyobeba watu wakati wa baridi kali, na jinsi fueli inavyochoka majira ya kuchipua na nguvu kushuka. Nikisoma "bila matatizo" nilifunga kompyuta nikaenda kukaanga vitunguu. Baba yako aliita hiyo sala yangu ya mwezi.

Mwaka jana, baada ya ile habari ya vinu vya Japani kulipuka, nilisoma na kusoma tena. Na baridi hii iliyopita taarifa ikasema wamegundua uvujaji mdogo kwenye fimbo moja ya fueli ya kinu chetu. Hakuna hatari kwa watu, walisema, itatolewa kwenye revisheni ijayo. Uvujaji mdogo. Sababu inayodhaniwa, walisema, ni kitu kidogo kilichoingia majini.

Unakumbuka jioni hiyo. Usijifanye hukumbuki. Nilikaa mbele ya kompyuta nikalia mpaka shati likalowa kifuani. Niliona watu, Atu. Niliona samaki wanaelea, watoto wa wale wanakijiji wenye maboti, na wewe na baba yako, na yote hayo kwa sababu ya huruma yangu kwa rozari ya mtu. Ulitoka chumbani kwako. Ulinitazama. Ukaenda jikoni, ukaniletea chai, ukaiweka karibu na mkono wangu, ukanipapasa mgongo.

Nilifikiri, Mungu amenipa mtoto mwenye moyo.

Halafu Jumapili hii. Umekuja mezani na karatasi ya kazi, revisheni kwanza kisha mafunzo ya ufundi ya kudumu, na nikafurahi, naapa nilifurahi kwanza. Ndipo ukasema utakaa kwa nani. Ndipo ukasema mmekuwa mkiandikiana kwenye Facebook, na mmekutana Skärholmen, si mara moja. Nikasema yote niliyosema. Nikasema yule mwanamke ameweka kifo ndani ya kinu na amelala usingizi. Na wewe ukanijibu kwa lugha yako ya shule, kama kawaida yako ukibanwa:

"Men mamma, sluta. Den låg ju i strumpan."

Ilikuwa kwenye soksi.

Nilikuomba urudie kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa. Ukarudia. Punje haikuanguka majini. Ilitelemka ndani ya nguo yake mpaka kwenye soksi, na aliikuta akivaa viatu, wakati mimi nikitembea kwenda kwa Göran. Alipoiona akajua hakuna hatari. Akajua pia kwamba akiionyesha amekiri aliingia nayo. Akainywa chai yake.

"Amekuambia lini?" nikauliza.

"Mwaka jana. Kabla ya Krismasi."

Kabla ya Krismasi. Kwa hiyo baridi ile, Atu, jioni ile ya uvujaji, ulikuwa unajua. Ulisimama nyuma yangu ukijua. Ungeweza kusema maneno manne, "Mama, ilikuwa kwenye soksi," na mimi ningeacha kulia. Ukachemsha maji.

Spesi aliniacha kwenye mataa, na hilo nilikuwa nimeanza kulizoea kama unavyozoea goti bovu. Wewe umenifanyia nini, sijui neno lake. Nimelitafuta wiki nzima kwenye treni. Yeye alikuwa rafiki niliyemwokota dukani. Wewe nimekuzaa.

Uliniambia kwa nini. Ulimwahidi kunyamaza. Na ukasema, ukilia, "Ningekuambia ungeniuliza nimejuaje, halafu ungenikataza kumwona." Nilikuambia huo ni uongo. Si uongo. Ningekukataza. Ningekunyang'anya simu, ningempigia mwalimu wako, ningegoma hata kula. Nilipokataza jina lake lisitajwe humu nilidhani nafungia nje mtu mmoja. Kumbe habari niliyoihitaji kuliko zote ilikuwa imekaa nje pamoja naye, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa mtoto wangu, na alimwogopa mama yake. Nalisema hili mara moja tu, kwa hiyo lisome vizuri, maana kesho nitakuwa nimekasirika tena.

Sasa kuhusu kinu. Siku moja utaangusha kitu. Itakuwa skrubu, au kipande cha utepe, au kipini cha nywele, maana nywele zako nazijua. Utatazamana na mwenza wako, na bango litakuwa ukutani. Hutakosa kukumbuka yaliyompata mama yako. Nenda ukaseme. Usisubiri mtu wa kwenda naye, usimwache anywe kitu kwanza, nenda na miguu yako jinsi ilivyo. Inawezekana watakushukuru kisha wasikuite tena. Mimi nimesafisha vyoo vya Arlanda miaka yote hii na bado ningekwenda tena kwa Göran, na ningekwenda mbio zaidi. Ninachojuta si kusema. Ninachojuta ni ule utepe, na yale maneno "ukimwona huyu umeniona mimi".

Na akija mtu akakuambia siri inayomtafuna mtu mwingine, akakuomba unyamaze, mwambie akaisemee mwenyewe au utaisema wewe. Usikubali kuwa kabati la watu. Ulikubali ukiwa bado mwanafunzi, na mkubwa aliyekuwekea alijua unanipenda. Hilo nalo ni deni lake, si lako peke yako.

Leo mchana, nilipomaliza zamu, nilikaa kwenye benchi la kituo cha Märsta nikampigia. Namba niliitoa kwenye karatasi uliyobandika kwenye friji, "kwa dharura". Treni mbili zilipita kabla sijabonyeza.

"Alo?"

"Ni mimi."

Akasema, "Mama Atu." Sauti yake imezeeka.

"Sikupigii tupatane," nikamwambia.

"Ndiyo, dada."

"Wala usiniite dada. Mtoto anaingia ndani Jumatatu. Atapangiwa na nani?"

"Sijui bado. Na vijana wapya. Wanawapanga wao kwa wao."

Niliwaza vijana wawili wasiojua kitu, wanavuana harakaharaka ili wawahi simu zao. Nikawaza shingo yako, pale nyuma, penye lile kovu la tetekuwanga.

"Nataka wewe ndiye umvue," nikasema.

Nikasikia analia, na hilo sikulipigia simu, kwa hiyo nikangoja amalize. Mtu aliyekaa pembeni yangu akahamia benchi lingine.

"Nitaomba kwa Göran," alisema. "Nitamvua miye. Kila siku. Nakuapia kwa—"

"Usiape. Mvue tu. Kama ulivyokuwa unanivua."

"Kama mtoto aliyelala," alisema. Sikujua kwamba alikumbuka. Nilimwambia hivyo mara moja tu, zamani, kwa utani. Akaanza, "Mama Atu, ile punje, siku ile miye—" nikamwambia punje tutaizungumza siku nyingine, au hatutaizungumza, na nikakata.

Kwa hiyo nenda. Lile neno la Jumapili nimelitema, chumba chako kitabaki chako, na kesho nitakuja mlangoni, ingawa usitegemee nicheke. Sijamsamehe yeye. Wewe nimekusamehe nusu, na ile nusu nyingine ina njaa na hasira, itakuja polepole. Ukifika mbele ya ule mstari na Spesi akakuambia nyosha mikono, nyosha. Usimsaidie, usijiguse, fumba macho ukitaka. Mikono yake haijawahi kunidhuru hata siku moja. Kilichonidhuru ni mdomo wake, na huo hautakuvua nguo.

Kisha uvuke, upite kwenye mashine, uvae viatu vyako, unipigie. Kama kuna baya, sema baya, kwa Kiswidi, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote itakayokutoka kwanza. Usinitengenezee. Nimechoka kuletewa chai.

Mama yako